Chakula cha jioni na mavyaa wa mdogo wetu, Singida



Biarusi wengi mnaoolewa bara mmetuuliza: ukitaka kumkirimu mkwe hotelini, unachagua vipi? Tutawaeleza tulivyochagua sisi, ila kwanza tukiri kilichotupeleka.

Kwenye harusi ya mdogo wetu, Unguja, wageni wa upande wa mume walitoka Singida. Ulipopita urojo, mama mmoja alidhani ni uji, akauliza sukari iko wapi. Tukacheka. Tuliziba midomo kwa mitandio, lakini tulicheka, na yule mama ndiye mavyaa wa mdogo wetu. Hakusema neno. Miezi minane baadaye mdogo wetu akatwambia kwenye simu kwamba kila akitengewa chakula, mavyaa humuuliza, "Na hiki nacho kwenu kinachekwa?"

Hatukulala vizuri. Tukafunga safari sisi dada wawili: treni ya SGR kutoka Dar hadi Dodoma, kisha basi, kama kilomita 240 hivi. Njiani mafuta ya alizeti yamepangwa kwenye madumu kando ya barabara, yanang'aa juani. Nia yetu ilikuwa kumwalika mama mahali pa heshima, tumwombe radhi.

Kichwani mwetu mahali pa heshima ni kama The Rock kule Pingwe, mkahawa uliokaa juu ya jiwe baharini, maji yakijaa unafikiwa kwa mashua. Singida mawe yapo mpaka katikati ya mji, tena makubwa kuliko nyumba. Bahari ndiyo haipo, lakini kuna ziwa Singidani na ziwa Kindai, yote mawili ya maji ya chumvi. Tukasema basi, tuanzie ziwani.

Hoteli ya kwanza ilitazama maji. Jua lilikuwa linashuka, upepo wa Singida unatuvua mitandio (chukueni pini za kutosha), na kwa mbali tuliwaona heroe, wale ndege wa rangi ya waridi. Mashallah, kwa picha hakuna pa kushinda pale. Lakini baa ilikuwa humo humo ukumbini, na meza ya jirani chupa zimejaa. Tulimuuliza kijana wa huduma kuku wanachinjwa na nani. Akajibu kwa uungwana kwamba hajui, wanaletwa wameshanyonyolewa. Tulimshukuru kwa ukweli wake tukaondoka. Na nyinyi msione haya kuuliza. Anayefanya biashara hachukii swali hilo, na jibu lake litakwambia mengi kuhusu jiko lake.

Mahali pa pili palikuwa mgahawa wa Waislamu karibu na soko. Viti vya plastiki, kuku wa kienyeji juu ya makaa, harufu inakuita toka barabarani. Uhalali hauna shaka, bei nafuu, mahali pa kutilia udhu papo. Kama mngekuwa nyinyi na mume tu tungesema nendeni pale pale, msihangaike. Tatizo ni kelele. Radhi haiombwi kwa kupaza sauti.

Tukaangukia hoteli ya tatu, mjini. Haina ziwa wala mandhari. Orodha yao ya vyakula ni ndefu, ila nusu yake utaambiwa "leo hakuna." Lakini walikuwa na chumba cha pembeni chenye pazia, wakakubali tulete kuku wetu wawili tuliochinjishiwa sokoni, na Magharibi ilipoingia wakatufungulia chumba kimoja tuswali. Meneja mwenyewe ndiye aliyetuonesha kibla.

Mama alikuja amevaa vizuri, kimya. Mdogo wetu kakaa katikati, anatazama sahani. Tulikuwa tumeagiza wali, kuku wa kukaanga, saladi. Mama akala vijiko vitatu, akamwita mhudumu akamuuliza kama wana ugali na mlenda. Walikuwa nao, ingawa kwenye orodha haumo.

Sasa mlenda, kwa wasioujua, ni mboga inayovutika. Wenyewe hukata tonge, huchovya, huzungusha mkono kidogo uzi ukakatika. Sisi tulichovya tukainua, na uzi ukainuka nao, kutoka bakulini mpaka kidevuni, mpaka kwenye baibui. Mmoja wetu alijaribu kuukata kwa kijiko, ndiyo ukazidi. Mama alitutazama. Mabega yakaanza kumtikisika, akaziba mdomo kwa kanga, kisha akashindwa, akacheka mpaka machozi. Mdogo wetu naye akacheka. Hatujawahi kumsikia akicheka hivyo tangu aolewe.

Hapo ndipo tukasema. Hatukutumia yale maneno tuliyoyapanga kwenye treni. Tulisema tu, "Mama, siku ile ya urojo tulikukosea. Tusamehe."

Akafuta macho, akatufundisha tena namna ya kuzungusha mkono. Kisha akasema, "Wanangu, mimi nilishasahau." Akachovya tonge lake, uzi ukakatika safi. "Ila yule aliyevaa mtandio wa kijani alicheka kuzidi wote."

Mwenye mtandio wa kijani ni mmoja wetu, na ndiye aliyelipa bili.