Somo la -nge- na -ngali-

Mwalimu ye yote aliyepata kufundisha sarufi ya Kiswahili hapa Uganda atakubaliana nami kwamba viambishi -nge- na -ngali- huwasumbua sana wanafunzi wetu. Huwaeleza kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado laweza kutendeka, na -ngali- ni ya jambo ambalo wakati wake umekwisha kupita. Nao huitikia, "Ndiyo, Mwalimu," kisha huvichanganya vyote viwili katika sentensi moja bila haya. Nimelifundisha somo hilo mjini Jinja kwa zaidi ya miaka 20, lakini nakiri mbele ya walimu wenzangu kwamba sikulielewa barabara mpaka mwaka 2023, nilipoketi kando ya kitanda cha mzee mmoja huko Mbale.

Mzee huyo ndiye aliyenifundisha Kiswahili nilipokuwa mtoto, katika shule iliyo chini ya majabali ya Wanale. Kila Jumatatu aliandika methali ubaoni: "Ajizi nyumba ya njaa", "Mtaka cha mvunguni sharti ainame", "Mgaagaa na upwa hali wali mkavu". (Sisi watoto wa mlimani hatukujua upwa ni kitu gani, akatuambia tuufikirie ukingo wa mto Manafwa, nasi tukaridhika.) Sikumbuki hata Jumatatu moja aliyotuandikia methali ya kumsifu mtu aliyepumzika. Yeye mwenyewe aliziishi methali zake: alfajiri alikuwa darasani, jioni alikuwa darasani, na likizo zilipofika alikuwa na kundi la watahiniwa chini ya mwembe.

Nilipomkuta alikuwa na saratani, naye alikuwa amerudishwa nyumbani. Katika jambo hili nchi yetu inastahili sifa. Tangu mwaka 1993, ilipoanzishwa Hospice Africa Uganda mjini Kampala chini ya Daktari Anne Merriman, wagonjwa wa namna hii wamekuwa wakipata mofini ya maji, ambayo huchanganywa humu humu nchini na kunywewa nyumbani. Na mwaka 2004 sheria iliruhusu hata wauguzi waliopewa mafunzo maalumu kuiandika dawa hiyo, kwa kuwa madaktari ni wachache na vijiji ni vingi. Naieleza habari hii kwa sababu bila chupa ile iliyokuwa juu ya meza nisingalisikia neno lo lote. Mtu aliyeshikwa na maumivu makali hana nafasi ya kujuta, huugua tu. Mzee alipopata nafuu ya saa chache, alizungumza.

Alizungumza Kiswahili chake kile kile safi. "Ningaliketi na mama huyu barazani," alisema, akimtazama mkewe aliyekuwa akimenya matoke. "Ningalipatana na ndugu yangu kabla hajafa." "Ningalipanda kahawa katika kile kishamba cha juu, nikaiona ikichanua." Vyeti vya sifa vilitundikwa ukutani juu ya kichwa chake, lakini hakuvitaja. Kisha alicheka kidogo, akasema, "Waniona, mwanangu? Nimekuwa zoezi la sarufi."

Nilisoma baadaye kwamba muuguzi mmoja wa Australia, Bronnie Ware, aliyewahudumia watu waliokuwa wakingoja kufa, alitoa kitabu mwaka 2011 juu ya majuto yao. Anaeleza kwamba wanaume wote aliowauguza walijutia kufanya kazi kupita kiasi. Nasadiki. Hata hivyo, mtu akiusoma ushauri huo akiwa Jinja hana budi kuuliza: karo italipwa na nani? Mwaka 2022 serikali ilipandisha mishahara ya walimu wa sayansi, hata wenye stashahada wakapata shilingi milioni tatu kwa mwezi. Sisi wa lugha tukabaki chini ya milioni moja, na mgomo wetu wa mwaka huo haukubadili jambo. Basi mwalimu wa Kiswahili hufundisha shule mbili, hufundisha Jumamosi, na mitihani ikiisha huenda kusahihisha. Si uroho. Ingawa, kusema kweli, baada ya miaka mingi mtu hushindwa kutambua haja iliishia wapi na mazoea yakaanzia wapi.

Kwangu mimi yalionekana Desemba 2022. Wasomaji wanajua kwamba sisi Wagisu huwatahiri vijana wetu katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na kijana husimama wima mbele ya watu wote bila kupepesa jicho. Kifungua mimba wangu alisimama mwaka huo. Mimi nilikuwa mbali, nasahihisha mitihani. Nilihesabu kwamba ningemaliza siku mbili kabla. Karatasi zikaongezeka, na malipo yake nikayataka. Nilifika asubuhi ya pili yake. Mdogo wangu ndiye aliyesimama mahali pangu.

Nilimweleza Mzee habari hiyo nikitazamia anilaumu. Aliuliza tu, "Wa pili ana miaka mingapi?" Nikamjibu, kumi na sita. Akafumba macho nikidhani amelala, kisha akasema, "Huyo bado yu katika -nge-." Alifariki wiki tatu baadaye.

Januari 2024 niliyaacha masomo ya Jumamosi katika ile shule ya pili. Sitaki kumdanganya msomaji: tumeumia. Karo ya binti yangu ilichelewa mihula miwili, na mke wangu ameniuliza zaidi ya mara moja kama maneno ya marehemu yanaliwa na ugali. Sina jibu zuri. Lakini Ijumaa jioni hununua samaki wa Masese, nikapanda teksi ya Iganga na Tirinyi, kilomita zipatazo 150, na usiku huwa nimefika kwangu. Jumapili mama watoto hunifungia malewa ya kurudi nayo Jinja. Nimegundua kwamba binti yangu huimba akiosha vyombo. Sijui ameanza lini.

Desemba 2024 mwanangu wa pili alisimama uani alfajiri, amepakwa kimea, mikono ameishika fimbo mabegani. Nami nilikuwapo, hatua chache mbele yake. Hakupepesa. Kaka yake alikuwa upande wa pili, karibu na baba yake mdogo. Watu walipopiga vigelegele tulitazamana, yeye na mimi, naye akainamisha macho. Habari ya mwaka 2022 hajapata kuitaja, wala mimi sijapata kumwuliza. Jua lilipokuwa kali alikuja na kikombe.

"Maji, Baba," akasema, akasimama pale mpaka nilipokwisha kunywa.