Siri ya Mtungi

Wataalamu wa hesabu walipotafuta neno la Kiswahili la kuitia namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa nafsi yake, walichagua neno "tasa". Basi 2 ni tasa, na 3, na 5, na 7, na 11, na nyinginezo zisizo na kikomo. Jina hilo lina ukali wake, na atakayelitafakari ataona pia kwamba lina kinyume chake ndani. Namba zote nzima zilizobaki, kuanzia 4 na kuendelea, ni uzao wa hizo zilizoitwa tasa. 6 imezaliwa na 2 na 3. 1817 imezaliwa na 23 na 79. Na kila namba ina nasaba moja tu, haina ya pili.

Kuzaa ni kwepesi, kuitafuta nasaba ndiko kuzito. Mwanafunzi akipewa 23 na 79 azizidishe, hamalizi dakika moja. Akipewa 1817 na kuulizwa wazazi wake ni nani, atakuna kichwa. Tarakimu zikiongezeka, tofauti baina ya kazi hizi mbili hupanuka hata ikawa bahari isiyoonekana ng'ambo.

Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa, Marin Mersenne, aliitaja miongoni mwa tasa ile namba inayopatikana kwa kuzidisha 2 sitini na saba pamoja, kisha kutoa 1. Ikapita zaidi ya miaka 200. Mwaka 1876 Mfaransa mwenziwe, Édouard Lucas, alithibitisha kwamba namba hiyo si tasa, ila hakuweza kutaja hata kigawo chake kimoja: ilijulikana kuwa ina wazazi, wazazi wenyewe wasijulikane. Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahesabu wa Marekani mjini New York, alisimama Frank Nelson Cole. Inasimuliwa kwamba hakufungua kinywa. Alikokotoa ubaoni 147,573,952,589,676,412,927, kisha upande wa pili akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, tarakimu kwa tarakimu, mpaka majibu mawili yakalingana. Akarudi kitini, ukumbi ukamshangilia. Alipoulizwa baadaye kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu kwamba ni Jumapili za miaka mitatu.

Jumapili zile hazikumtajirisha mtu wala kumfilisi mtu. Lakini mwaka 1977 watu watatu wa chuo cha MIT huko Marekani, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, waliona kwamba ugumu huu waweza kuwa kufuli. Kila mtu apewe namba kubwa iliyozaliwa na tasa mbili, naye ataweza kuitumia kufunga barua yake. Lakini kuifungua ataweza yule tu azijuaye tasa zile mbili. Wahenga wamesema siri ya mtungi aijuaye kata. Hapa mtungi waachwa barazani, kila mpita njia auona na kuugusa, na kata iko kwa mwenyewe.

Agosti ya mwaka huohuo Martin Gardner aliitangaza habari hiyo katika jarida la Scientific American. Wavumbuzi walitoa namba ya tarakimu 129, pamoja na ujumbe mfupi uliofungwa kwa namba hiyo, na zawadi ya dola 100 kwa atakayeufungua. Rivest alikadiria kwamba kwa njia na mashine za wakati ule, kazi ingechukua miaka milioni 40 mara bilioni moja. Umri wa ulimwengu wote haufiki hata chembe ya muda huo.

Ilichukua miaka 17.

Njia iliyotumika yaitwa chekeche la miraba, na aliyeibuni mwaka 1981 ni Carl Pomerance. Siri yake yaweza kuonekana katika namba ndogo. Tuichukue 1817. Mraba wa 43 ni 1849, unaoizidi 1817 kwa 32. Mraba wa 44 waizidi kwa 119, wa 45 kwa 208, wa 46 kwa 299, na wa 47 kwa 392. Lau mojawapo ya ziada hizi ingekuwa mraba kamili, kazi ingekwisha papo hapo. Hakuna hata moja. Hata hivyo 32 na 392 zimeundwa na tasa ndogo tu, 2 na 7, na zikizidishwa pamoja huleta 12,544, ambayo ni mraba wa 112. Kila moja peke yake ilikuwa na upungufu. Zilipokutana zikatimia, kama vipande viwili vya mshororo, kila kimoja na mizani zake 8, ambavyo havijawa mshororo kamili mpaka vikae pamoja. Kilichobaki ni chepesi: 43 mara 47 ni 2021, ukitoa 1817 hubaki 204, ukitoa 112 hubaki 92, na kigawo kikubwa wanachoshirikiana 92 na 1817 ni 23. Mzazi mmoja amejitokeza, na wa pili, 79, hana tena pa kujificha.

Kwa namba ya tarakimu 129, ziada zifaazo kama 32 na 392 ni adimu kama lulu, na zilihitajika zaidi ya milioni 8. Derek Atkins, Michael Graff, Arjen Lenstra na Paul Leyland waliwaomba watu msaada kwa njia ya intaneti, wakati watu wengi duniani walikuwa hawajalisikia jina hilo. Walijitokeza watu wapatao 600, wenye mashine zipatazo 1,600, mbili kati yake zikiwa mashine za faksi. Kwa muda wa miezi sita kila mmoja alichekecha fungu lake na kutuma alichokipata kwa barua pepe. Haba na haba, kibaba kikajaa. Aprili 1994 namba ikapasuka pande mbili, tasa moja ya tarakimu 64 na nyingine ya 65, na mtungi ukafunguliwa.

Ndani yake mlikuwa na nini? Maneno ya Kiingereza ambayo mfasiri angeyaweka hivi: maneno ya kichawi ni tai mvunja mifupa mwenye kinyaa. Hayakuwa na maana yoyote ya siri. Tai huyo yuko kweli, na katika milima ya Ethiopia huonekana akipaa na mfupa, akauachia juu ya mwamba upasuke, ale uboho. Tai alaye mifupa, kisha awe na kinyaa!

Lakini kufuli za aina hiyohiyo, zikiwa zimeongezewa tarakimu, zililinda baadaye fedha za benki, barua za wapendanao na majina ya watu waliosema lisilopendwa na wakubwa. Februari 2020 namba ya tarakimu 250 nayo ilipasuliwa, kwa kazi ambayo kiini kimoja cha kompyuta kingeifanya kwa miaka 2,700 hivi. Kufuli za kawaida zina tarakimu 617, nazo bado zasimama. Zasimama, ila hakuna aliyethibitisha kwamba njia ya mkato haipo. Kinachojulikana ni kwamba haijaonekana. Na mwaka uleule wa 1994 Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta ya namna nyingine kabisa, ifuatayo kanuni za chembe ndogo kuliko atomu, ingeipata nasaba kwa upesi, pindi ikiundwa kubwa ya kutosha. Kwa hofu hiyo Marekani ilitangaza Agosti 2024 viwango vya kufuli mpya zisizotegemea vigawo.

Mwenye kubadili kufuli leo hulinda barua za kesho. Zile zilizokwisha kutumwa, zikanakiliwa njiani na kuwekwa na asiyewatakia mema waandishi wake, zimo bado katika mitungi ya zamani, nazo zangoja kata.