Hujambo ya Mashine

Ni desturi ya Waswahili kwamba aulizwaye hali hujibu kuwa ni njema, hata akiwa kitandani. Maradhi hutajwa baadaye, baada ya neno "lakini". Mwalimu mmoja mstaafu, aliyefiwa na mkewe, alikuwa akiishia kwenye "njema". Majirani walimsifu kwa subira.

Mwanawe alimwekea katika simu programu iliyojengwa juu ya hojaji ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1998. Maswali yake ni matano, nayo yahusu majuma mawili yaliyopita: uchangamfu, utulivu, nguvu, kuamka bila uchovu, na mambo yavutiayo maishani. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 5. Jumla huzidishwa kwa 4. Anayepata chini ya 50 hushauriwa achunguzwe zaidi.

Mwalimu alipata 28. Yeye aliyesahihisha madaftari ya wengine kwa miaka mingi aliitazama alama hiyo kwa muda mrefu. Aliyowaficha majirani ameiambiaje mashine? Labda ni kwa kuwa mashine haina uso wa kustahiwa, wala haihuzuniki ikijibiwa kweli. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haiwezi kumfariji mtu. Hupima tu, isiulize kilichomsibu.

Jioni jirani alibisha hodi, akamjulia hali. "Njema," alijibu mwalimu, kisha akanyamaza kidogo. "Lakini silali, ndugu yangu." Jirani akavuta kiti, akaketi.