Jamani, huyo shetani yuko wapi?

Msomaji wangu, kuna watu wakisikia tu gita linaunguruma wanaanza kukemea. Hawaulizi nani kaimba wala kaimba nini. Kwao, kijana mwenye nywele ndefu na msalaba shingoni ni wakala wa kuzimu, basi, habari imekwisha. Kwetu mkemeaji mkuu ni mama. Namheshimu sana mama yangu, lakini kwenye albamu ya Paranoid ya Black Sabbath hapo tunatofautiana.

Hawa jamaa walikuwa vijana wanne wa Aston, mtaa wa wavuja jasho katika jiji la viwanda la Birmingham, Uingereza. Ozzy Osbourne aliimba, Tony Iommi gita, Geezer Butler besi, Bill Ward dramu. Mtoto wa kishua hamna hata mmoja. Ozzy alishafanya kazi machinjioni, na jela aliionja kwa wizi. Iommi ndiyo usiseme. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, mashine ya kiwandani ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Na yeye anapiga kwa kushoto, kwa hiyo mkono huo ndio wa kubonyezea nyuzi! Wengine tungeuza gita tukale chipsi. Yeye aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivika ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba zisizomuumiza. Mlio huo unaowatisha majirani unatoka kwenye vidole vilivyokatika kazini.

Paranoid ilitoka Septemba 1970 ikiwa na nyimbo 8, ikakamata namba moja Uingereza. Mwanzoni ilikuwa iitwe War Pigs, yaani nguruwe wa vita, kampuni ya rekodi ikalibadilisha jina. Jalada likabaki lile lile, mtu kashika upanga na ngao, wala halihusiani na jina jipya. Hata wimbo wenyewe wa Paranoid ulitungwa harakaharaka studio kujazia albamu iliyopungua. Mishemishe tu, kama za huku kwetu.

Haya, tumtafute huyo shetani. War Pigs ni habari ya wakubwa wanaopanga vita wakiwa wamekaa salama, wanaokwenda kufa ni watoto wa maskini. Mwisho siku ya hukumu inafika, wakubwa wanapiga magoti. Mchungaji gani atakataa mahubiri hayo? Electric Funeral ni maangamizi ya nyuklia. Hand of Doom ni unga. Bendi ilipiga kwenye kambi za wanajeshi wa Marekani, wakawaona vijana waliotoka Vietnam wameshakuwa mateja. Geezer, aliyeandika maneno mengi ya albamu, akayaweka kwenye wimbo.

Wimbo huo ndio unaonifanya niitetee albamu hii. Nina rafiki, tulikaa dawati moja sekondari, kichwa hasa kwenye hesabu. Unga ukampitia. Akauza redio ya kwao, akauza viatu vyake, ikafika mahali akipita mtaani watu wanafunga milango. Siku hizi yuko kwenye methadoni, huduma ambayo Muhimbili walianza kuitoa mwaka 2011. Kila asubuhi anakwenda kunywa dozi yake, iwe mvua iwe jua.

Jioni moja alinikuta nausikiliza. Besi inaanza taratibu kama mtu anayenyata uchochoroni, ghafla kila kitu kinalipuka, kisha inarudi kunyata. Akaniuliza wanasema nini. Nikamtafsiria kidogo kidogo. Akakaa kimya, halafu akasema, "Ndivyo inavyokuja." Akaomba niurudie.

Wimbo haumbembelezi mtu, unamwambia wazi kwamba mwisho ni kaburi. Lakini mtaani jamaa yangu alishapewa matusi, mawe na maombi ya kutoa pepo. Hakuna aliyewahi kukaa dakika saba akamweleza habari zake kama zilivyo. Vijana wa Birmingham, waliorekodi kabla hata hajazaliwa, ndio waliofanya hivyo.

Ozzy alifariki Julai 22, 2025, siku 17 tu baada ya kuimba mara ya mwisho pale pale Aston, uwanja wa Villa Park, akiwa ameketi kitini.

Ukitaka kuionja albamu hii, usianze na makelele. Anza na Planet Caravan, wimbo mpole, tumba zinasikika kwa mbali, unafaa hata usiku wa umeme kukatika. Ukishazoea, rudi War Pigs, ongeza sauti. Rafiki yangu ameshaiweka kwenye simu yake. Anaisikiliza asubuhi kwenye daladala, akienda kunywa dozi.