Ndege wa Bwawa la Babu

Wengi wenu mnanijua kama yule mvulana anayefika shuleni na matope kwenye soksi. Leo nitawaeleza matope hayo hutoka wapi.

Nyumbani kwetu, ukiteremka kutoka soko la Keroka, kuna bwawa la samaki. Babu alichimbiwa katika ule mradi wa serikali ulioanza mwaka wa 2009, mabwawa yalipochimbwa Kisii na sehemu nyingi za nchi. Miaka ikapita, likaota nyasi. Nilipoingia kidato cha pili nikamwomba babu tulifufue. Akauza beberu wake, tukanunua vifaranga 300 wa perege, yaani ngege.

Hapo ndipo nilipojua kuwa perege hana subira. Jike huyabeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe, na akiwa mdogo tu tayari ni mama. Tena hupenda maji ya joto, nyuzi 25 na zaidi, na sisi huku kwetu ni baridi. Baada ya miezi minane bwawa lilijaa watoto kama kidole, wanagombania chakula, hakuna anayenenepa.

Darasani nilisikia kwamba dawa yake ni kambare. Ukimweka pamoja na perege, huvila vile vitoto vinavyozidi. Wacha nikiri hapa: mwalimu alisema jambo la pili pia, lakini sikuliandika kwa sababu kengele ilikuwa imelia. Nikanunua kambare 15, kila mmoja mrefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Nilijiona daktari wa samaki!

Kila jioni babu huja na kigoda chake nikitupa pumba, atazame maji yakichemka kwa samaki. Siku za kwanza yalichemka. Wiki chache baadaye yakatulia tuli.

"Samaki wetu wako wapi?" akauliza.

Mdomo wangu ulijibu kabla sijafikiri. "Ni ndege, babu. Yule mdiria."

Babu akaniamini. Kesho yake alirauka saa kumi na moja, akajifunga blanketi, akakaa kando ya bwawa na manati. Alifanya hivyo siku tisa, nanyi mnaijua baridi ya asubuhi ya hapa kwetu. Siku ya kumi alishikwa na kikohozi, mama akamkataza kutoka nje. Mimi nilikunywa chai yangu nikaenda shule. Siku hiyo sikumwelewa mwalimu yeyote.

Mwezi wa Agosti tulilikausha bwawa. Kambare walikuwa wamenona ajabu. Perege niliwahesabu, 41. Babu mwenyewe alishika kisu, akampasua kambare wa kwanza, akatoa perege mzima tumboni. Akamwinua juu, akakohoa kidogo, akaniuliza, "Na ndege huyu aliingiaje humu?"

Nilimweleza yote pale pale, miguu ikiwa matopeni. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nimalize kubeba ndoo.

Sasa tumeanza upya. Perege kwanza, mpaka watoshe kiganja, ndipo tutie kambare wadogo kama kidole. Lile jambo la pili la mwalimu lilikuwa hilo: kambare asimzidi perege. Babu bado huja na kigoda chake. Manati ameyatundika kwenye mparachichi, na mdiria hutua tawi lilo hilo.