Asiyekuwapo na Lake Halipo

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii tumeiandika sana katika insha, lakini maana yake nimeionja mwaka huu katika ukumbi wa jamii wa wadi yetu, siku ya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti.

Zamani mambo ya mitaa yetu yaliamuliwa na madiwani katika mabaraza yao. Mabaraza hayo yalikoma baada ya uchaguzi wa Machi 2013, kaunti 47 zikashika kazi chini ya Katiba ya 2010. Kifungu cha 196 cha Katiba hiyo kinalitaka bunge la kaunti lifanye vikao vyake hadharani na kuushirikisha umma. Hakisemi kwamba anayetaka kuzungumza lazima awe na kadi ya kura.

Basi niliketi na mama safu ya nyuma. Wazee wakalilia maji, akina mama soko, vijana wa bodaboda barabara. Saa mbili zikapita bila mtu kuwataja wanafunzi. Nikainua mkono, moyo ukinidunda kama ngoma. Mzee mmoja akaguna, "Aa, huyu ni mtoto, hata kura hana!" Mwenyekiti akamwambia, "Mzee wangu, mwache aseme."

Nikasema, "Wazee wangu na mama zangu, hamjambo. Sisi ni wanafunzi wa kutwa. Tukimaliza masomo ya jioni, tunarudi nyumbani giza limeshaingia, na njia ya kutoka shuleni hadi stendi haina taa hata moja. Wasichana watatu wa darasa letu wameacha masomo hayo kwa kuihofia njia hiyo. Tunaomba taa."

Afisa mmoja akadakia kuwa shule za upili ni kazi ya serikali kuu, si ya kaunti. Hapo somo la Historia na Serikali likanifaa! Nikamjibu kwa heshima kwamba sikuomba madarasa wala walimu, ila Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti barabara za kaunti na taa za barabarani. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Afisa akainamisha kichwa, akaandika.

Usidhani taa ziliwaka kesho yake. Hadi ninapoandika haya, njia ni ile ile na giza ni lile lile. Lakini maneno ya mdomo huenda na upepo, kwa hivyo tumepeleka barua kwa mwakilishi wetu wa wadi, na darasa zima limetia sahihi. Wale wasichana watatu walitangulia kutia zao.

Wenzangu, kwenda kikaoni pekee hakutoshi. Kwanza, fika mapema ujiandikishe. Pili, jua unachoomba ni kazi ya nani, usije ukarushwa huku na huku kama mpira. Tatu, omba jambo moja, ueleze linamwumiza nani. Kila mwaka, makadirio ya bajeti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya Aprili kwisha, kwa hivyo anayesubiri mwezi wa Juni atakuta chakula kimeshapakuliwa.

Shime basi, tuhudhurie, tena tuseme! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na apitaye kwa gari hajui giza la mwenda kwa miguu. Asipoambiwa na sisi, ataambiwa na nani?