Jikoni Nako Kuna Noeli



Mwezi wa Desemba ukianza, kazi ni ile ile katika nyumba za Wakristo. Uwanja wafagiwa, sebule yatandikwa vitambaa vilivyofuliwa, picha zapanguswa vumbi, na mlango wa mbele wafungwa matawi mabichi. Mgeni akifika hufurahi moyoni, akasema kwamba nyumba hii imeijua Siku Kuu. Lakini mgeni huyo akizunguka nyuma hatua kumi tu, ataona jiko ni lile lile la mwezi wa Julai. Masizi yaning'inia darini, ukuta ni mweusi, na mama aliyeinama penye mafiga afuta macho kwa ncha ya kanga. Na chakula cha Noeli, ambacho mgeni atakisifu, chatoka humo humo.

Basi mwezi huu twataka kusema juu ya kulipamba jiko. Pengine wako watakaocheka, wakisema jiko ni mahali pa moshi, lapambwa kwa nini? Twawaomba watuvumilie kidogo.

Sisi tu mume na mke, walimu wote wawili, na nyumbani kwetu ni kihambani, miteremkoni mwa Kilimanjaro, kati ya migomba na mibuni. Wenyeji wa mlima wajua kwamba Desemba ni mwezi wa kurudi. Watoto waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Nairobi hupanda tena kwa wazee wao. Nyumba iliyolala watu watano yalala ishirini na watano, nao wote watakula asubuhi, mchana na usiku. Vyumba twaweza kuviongeza kwa mikeka, ila jiko ni moja tu.

Desturi ya kulipamba tuliipokea kwa mama yetu, ambaye leo ni bibi wa wajukuu wengi. Yeye alizaliwa katika nyumba ya zamani ya Wachaga, ile ya mviringo iliyoezekwa kwa majani toka juu hata chini. Katika nyumba ile hapakuwa na jiko mbali na nyumba. Moto ulikuwa ndani, watu upande mmoja, ng'ombe na mbuzi upande wa pili wakila majani ya migomba waliyoletewa. Aliyeifagia nyumba alilifagia jiko, na aliyewasha moto aliketi kati ya watu wake, akiyasikia mazungumzo yote. Baadaye tulijenga nyumba za pembe nne, tukaziezeka kwa bati, tukalipeleka jiko nyuma ya nyumba ili moshi usituudhi. Mama husema kwamba siku ile tulipoutoa moshi nje, tulimtoa na mpishi pamoja nao.

Neno hili lilitufikirisha sana, kwa kuwa habari ya Noeli yenyewe ni habari ya hori la ng'ombe. Wako wanachuoni wanaoeleza kwamba katika nyumba nyingi za wakulima wa Palestina ya kale wanyama waliingizwa ndani usiku, na hori lilikuwa humo humo walimolala watu. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi aliandaa hori lenye majani makavu, akaleta ng'ombe na punda, ili watu waone kwa macho jinsi kuzaliwa kule kulivyokuwa kwa unyonge. Wazee wetu wa mlimani wasingalishangaa hata kidogo. Hori, moto na mtoto chini ya dari moja, hayo waliyajua tangu utoto wao. Ikiwa ni hivyo, jiko letu lina haki ya kuipokea Noeli kabla ya sebule.

Sasa twaeleza tufanyavyo, ili mtu apendaye aweze kujaribu.

Pambo la kwanza ni usafi. Juma moja kabla ya Siku Kuu twatoa vyote nje: sufuria, vyungu, miiko, kinu na mchi, nyungo na vibuyu. Vijana wafunga fagio kwenye fito ndefu, wakayaangusha masizi ya darini. Sufuria zasuguliwa kwa majivu na mchanga hata zikang'aa. Ukuta twaupaka chokaa, na mwaka tusipopata chokaa twausiliba kwa udongo. Kichanja cha vyombo chafungwa upya kwa kamba za migomba. Kazi hii yaisha kwa siku mbili, kama watu wa nyumba wote waishika.

Pambo la pili ni hewa. Kaka yetu alitoboa dirisha katika ukuta ulioelekea mlango, na juu karibu na bati akaacha nafasi wazi ili moshi upate njia ya kutokea. Huenda mtu akauliza, dirisha nalo ni pambo? Twajibu kwamba ni pambo lipitalo maua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa kwa ajili ya hewa chafu ya majumbani itokayo katika kupika, na miongoni mwao watoto wasiotimiza miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Wengi wa watoto hao hawakupika neno lo lote. Walikuwa mgongoni au miguuni pa mama zao tu. Mwezi wa Mei 2024 serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa miaka kumi, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wakipikia nishati iliyo safi. Ni shabaha njema. Lakini mwenye kuni leo asingoje mwaka 2034 ndipo atoboe dirisha. Tena kuni zilizokauka vema hutoa moshi mchache kuliko mbichi. Basi zianikwe mapema, zisikatwe jana na kuwashwa leo.

Hapa twaongeza onyo. Baridi ya usiku mlimani yawashawishi watu kuliingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huwaua waliolala wasiamke kamwe. Wageni wenu waambieni neno hili wazi wazi, wala msione haya.

Pambo la tatu ni majani na maua. Majani ya mgomba twayachana nyuzi nyuzi, tukayafunga juu ya mlango yaning'inie. Ndugu wapandao kutoka tambarare hutuletea matawi ya mkrismasi, mti ule ambao asili yake ni kisiwa cha Madagaska, nao huvaa maua mekundu kama moto karibu na Siku Kuu. Twayatia katika kopo la maji dirishani. Watoto, wakiwa ni watoto wa walimu, hawakosi karatasi. Wakata nyota katika madaftari yaliyokwisha, na nyota moja yaonyesha hesabu ya kugawanya, nyingine imla yenye makosa saba. Tena wafinyanga ng'ombe na kondoo wa udongo, na kwa maganda ya mahindi wamtengenezea Mtoto kitanda, wakaviweka vyote juu ya kinu kilichopinduliwa pembeni.

Ila kila kitu kiwe mbali na moto. Karatasi isining'inie juu ya mafiga, maana joto huikausha na cheche moja yatosha. Majani yaliyokauka yaondolewe siku ile ile. Mshumaa usiachwe peke yake. Wala kitambaa cha pambo kisizibe dirisha lile tulilolitoboa kwa jasho.

Pambo la nne latoka mpakani mwa kihamba. Wasomaji wa mlimani wamekwisha kulijua. Wa mahali pengine twawaeleza. Sale ni mmea wa majani marefu mabichi, nao Wachaga huupanda mipakani. Mtu aliyemkosea mwenzake huchukua jani la sale akampelekea kuomba msamaha, na aletewaye jani lile haimfai kulikataa. Wazee waliamua kesi kubwa kwa jani hilo, hata za damu.

Desemba ya mwaka 2021 wake wawili wa ndugu zetu walikuja nyumbani hawasalimiani. Ugomvi wao ulianza kwa neno dogo juu ya nani alichangia nini katika arusi ya binti wa ukoo, ukakua kama ugomvi ukuavyo. Walipishana mlangoni pa jiko wakitazama chini. Mmoja akipika, mwingine alikaa nje. Na mwingine akiingia, wa kwanza alikumbuka ghafula kwamba kuna nguo za kuanua. Watoto wao, ambao ni wa umri mmoja, wakaanza kugawanyika nao. Sisi tulijadili usiku tuseme nini, tukaona kwamba kila neno tulilo nalo lingeegemea upande mmoja.

Mama hakusema neno. Tulipokuwa tukipamba, alikwenda mpakani akarudi na fungu la masale, akalifunga katika nguzo ya jiko, mahali ambapo kila aingiaye hana budi kuliona. Siku mbili fungu likakaa pale. Jioni ya tarehe 24, ndizi za mtori zilipoletwa, yule mdogo alichomoa jani moja, akalikunja, akamtolea mkubwa pamoja na kisu cha kumenyea. Mkubwa alitazama jani kwa kitambo. Kisha alilipokea, akalichomeka katika kilemba chake, akasogea juu ya benchi ili mwenzake apate nafasi. Wakamenya ndizi za watu ishirini na watano hata usiku, kwanza kimya, halafu kwa maneno machache. Hatusemi kwamba tangu siku ile wamekuwa marafiki wa kuandikiana barua. Twasema wasalimiana, na watoto wao hucheza pamoja. Kwa hiyo kila mwaka masale hufungwa katika nguzo ile, hata kama hatumjui wa kuyahitaji.

Pambo la mwisho halifungwi wala halining'inizwi. Katika nyumba nyingi kuna mtu mmoja asiyeisikia ibada ya Noeli, naye ni mpishi. Wengine waimba kanisani, yeye akoroga sufuria. Wengine warudi wakieleza jinsi watoto walivyoigiza wachungaji, yeye aitikia huku akipakua. Huyu ndiye mchungaji wa kondoo wa siku hizi, anayekesha usiku. Na habari njema ya kwanza waliletewa wachungaji. Yawezekanaje sisi tuipeleke kwake mwisho?

Kwa hiyo twaandika zamu, nayo twaibandika ukutani jikoni kati ya nyota. Maharage hupikwa usiku wa kuamkia Siku Kuu. Nyama hukatwa na wanaume, nao husugua sufuria pia. Wala hatujaona mwanamume aliyepungua kimo kwa kusugua sufuria. Ndizi zilizomenywa zalala ndani ya maji. Maji huchotwa na vijana, kuni zapangwa. Asubuhi chai hunywewa mapema, moto wazimwa, na saa ya ibada ikifika mlango wa jiko wafungwa kwa komeo, nasi sote twashuka pamoja, na Bibi mbele na fimbo yake. Chakula cha mchana huchelewa saa moja. Wageni hawajalalamika bado, maana nao waliimba.

Walimu wenzetu, twawaomba mlifundishe jambo hili shuleni kabla ya likizo. Mtoto aliyekata nyota ya jikoni kwa mkono wake ataona jiko ni mahali pa heshima, na mvulana aliyeandikwa katika zamu akiwa na miaka kumi hatahitaji kuhubiriwa akiwa na miaka thelathini. Na ninyi waume wa nyumba, msingoje fedha. Nyota yapatikana katika daftari kuukuu, na majani ya mgomba hayanunuliwi. Asiye na chokaa ana udongo, na asiye na udongo ana ufagio. Mshikeni ufagio huo ninyi wenyewe, na mama wa nyumba aone.

Twawatakia nyote Noeli njema, kanisani, sebuleni na jikoni.